Kuiona Kloroplasti Ikifanya Kazi: Mwongozo Kamili kwa Vitu Vinavyopatikana Lamu

Kuna swali moja huwauliza wanafunzi wanaokuja kusoma jioni barazani kwetu, mtaa wa Langoni, kabla hatujafungua daftari: klorofili na kloroplasti zina tofauti gani? Karibu wote hujibu kwamba ni kitu kimoja. Siwalaumu. Wamekaririshwa kwamba klorofili ni rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, na jibu hilo hupewa alama kwenye mtihani japo limepinda. Rangi peke yake haitengenezi chakula. Klorofili ni rangi inayonasa mwanga. Kloroplasti ni kiungo kizima cha seli ambamo rangi hiyo imepangwa, pamoja na vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia), tando na hata DNA yake yenyewe. Ukiitoa rangi kwenye mpangilio huo, kazi inasimama, na katika hatua ya pili ya mwongozo huu utaliona hilo kwa macho yako.

Majaribio haya nimeyafanya na watoto mara nyingi, kwenye kiwanda (ua) cha nyumba na pwani wakati wa maji kupwa. Moja tu linahitaji hadubini. Mengine yanataka jua, na jua hapa kwetu halina uhaba: Lamu iko kama digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima mchana hukaribia saa 12.

Vitu vya kutafuta

Duka la dawa utapata iodini (ile dawa ya hudhurungi ya kupaka kidonda), spiriti isiyo na rangi, na bomba la sindano la mililita 10 au 20 bila sindano yake. Sokoni nunua fungu la spinachi mbichi na bekingi soda. Angalia isiwe bekingi pauda, maana pauda imechanganywa na vitu vingine. Nyumbani utakuwa na chupa ya chai, bakuli la udongo au la bati, chupa tupu ya jemu, sahani nyeupe, mrija wa soda, kipande cha foili na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ongeza chaki nyeupe moja. Na wiki mbili tatu kabla ya kuanza, panda kunde kwenye makopo mawili. Napenda kunde kwa sababu jani lake ni jembamba, linahifadhi wanga vizuri, na mbegu ziko jikoni kwa kila mtu. Usitumie kisamvu kwa majaribio ya kuchemsha na watoto. Mhogo una sumu yake.

Ijue kwanza kloroplasti yenyewe

Pasua jani la mkunde ulifikiche. Ule ukijani ulioshika vidoleni umetoka ndani ya seli, na ndani ya seli haukuwa umemwagika kila mahali kama rangi kwenye ndoo ya maji. Ulikuwa umefungwa ndani ya punje. Seli moja ya tabaka la kati la jani huwa na punje hizo makumi, aghalabu baina ya 20 na 100, na kila punje ina umbo la adesi. Urefu wake ni mikromita 5 hadi 10, maana yake ukizipanga mstari mmoja utahitaji kama 100 hadi 200 kutimiza milimita moja. Punje hizo ndizo kloroplasti.

Kila kloroplasti imezungukwa na tando mbili. Ndani yake mna majimaji mazito yaitwayo stroma, na ndani ya stroma mna vifuko bapa vilivyopandana kama chapati kwenye sinia. Kifuko kimoja huitwa thailakoidi, na rundo lake huitwa granamu (yakiwa mengi, grana). Klorofili iko kwenye utando wa hizo thailakoidi, imeshikwa na protini, kila molekuli kwa nafasi yake. Katikati ya kila molekuli ya klorofili pana chembe moja ya magnesi. Likumbuke hilo, tutalihitaji shambani.

Kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga, yaani usanisinuru, hufanyika kwa awamu mbili. Ya kwanza iko kwenye thailakoidi na haiendi bila mwanga. Klorofili hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu, na kuuacha sehemu kubwa ya ule wa kijani urudi, ndiyo maana jani tunaliona kijani. Nishati iliyonaswa husukuma elektroni, na pengo linaloachwa hujazwa na elektroni zinazochukuliwa kwenye maji. Molekuli ya maji huvunjwa: oksijeni hutoka nje, protoni hubaki ndani ya kifuko. Protoni hizo zikijaa huchuruzika kurudi kwenye stroma kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu la kinu, na mzunguko huo huunda ATP, molekuli inayobeba nishati. Elektroni nazo huishia kwenye NADPH, molekuli inayozibeba. Hivyo viwili, ATP na NADPH, ndiyo malipo ya awamu ya pili.

Awamu ya pili iko kwenye stroma. Kimeng'enya kiitwacho rubisko hushika kabonidayoksaidi iliyoingia jani kupitia vitundu vya stomata, kikaiunganisha na sukari ya kaboni tano iliyokwisha kuwapo. Mzunguko unaofuata ulielezwa na Melvin Calvin na wenzake, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961. Hesabu yake ni hii: ili kupata glukosi moja, kloroplasti inatumia kabonidayoksaidi 6, ATP 18 na NADPH 12. Sukari ikizidi mchana, hugeuzwa kuwa wanga na kuwekwa humo humo ndani ya kloroplasti, kisha usiku humegwa na kupelekwa kwenye mizizi, machipukizi na mbegu. Jaribio letu la tatu linategemea jambo hili.

Wengi hudhani oksijeni tunayovuta imetoka kwenye kabonidayoksaidi, kwa kuwa nayo ina oksijeni. Sivyo. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, wakiwa Marekani, waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito inayoweza kutambulika, na oksijeni hiyo nzito ndiyo iliyotoka hewani. Kila pumzi yako ilikuwa maji.

Hatua ya kwanza: itazame

Hii ndiyo hatua inayohitaji hadubini, na shule nyingi za sekondari zinayo. Omba nusu saa. Tatizo la majani mengi ni unene: ukiliweka jani la mkunde zima chini ya lenzi utaona giza la kijani tu. Vitabu husema utumie mmea fulani wa maji baridi (yasiyo na chumvi) ambao hapa hauko. Sisi tuna bora zaidi. Nenda ufukweni baada ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), utafute kwenye taka za majani bahari vijani vidogo vya mviringo, vyembamba kama karatasi, vyenye urefu wa ukucha au kidole gumba. Wataalamu huuita mmea huu Halophila. Jani lake, ukiacha mshipa wa katikati na kingo, lina tabaka mbili tu za seli. Okota yale yaliyong'oka yenyewe na bado ni mabichi. Usiende kung'oa yaliyo hai, hayo ni malisho ya kasa na nguva.

Weka kijani kimoja kwenye kioo na tone la maji ya bahari yale yale, si ya bomba, kwani maji baridi yatavimbisha seli. Funika, anza na ukuzaji mdogo, kisha panda hadi mara 400. Utaona kuta za seli zimepangana kama vigae, na ndani ya kila seli punje za kijani zimejaa. Tulia dakika chache kabla ya kubadilisha kioo. Mara nyingine punje zinahama, taratibu, zikifuata majimaji ya seli. Mwanga ukiwa mkali mno kloroplasti hujibanza ubavuni mwa seli ili zisiungue. Ukiwa hafifu hutandaa kuupokea. Mara ya kwanza niliyoona hivyo nilimwita kila aliyekuwa karibu.

Jambo jingine la majani bahari: hayana stomata, na kloroplasti zake nyingi zimekaa kwenye ngozi ya juu kabisa ya jani. Mimea ya nchi kavu hufanya kinyume, ngozi yake haina kijani cha maana, na kloroplasti ziko chini yake. Ndani ya maji hewa iliyoyeyuka inapita moja kwa moja kwenye ngozi, kwa hiyo kazi imesogezwa nje.

Hatua ya pili: itoe rangi, uone inavyopotea njia

Katakata majani manne ya spinachi, uyaponde kwenye kinu kidogo cha viungo, kisha yatie kwenye chupa ya jemu na vijiko vitano vya spiriti. Funika, ukiache kiasi cha robo saa, kisha uchuje kwa kitambaa. Utapata kimiminika cha kijani kibichi kilichokolea. Hiyo ni klorofili bila kloroplasti.

Sasa ingia chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha ambacho nyumba zetu za mawe zinacho. Azima dukani taa ile ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia, uimulike chupa kwa ubavu. Kijani kitatoweka na chupa nzima itawaka nyekundu, wekundu wa damu ya mzee. Watoto huruka. "Mwalimu, umetia nini?" Sikutia kitu. Klorofili inaendelea kunasa mwanga kama ilivyozoea, ila tando na protini zilizokuwa zikiipokea nishati hiyo hazipo tena. Haina pa kuipeleka. Kwa hiyo inaitupa, sehemu kama joto na sehemu kama mwanga mwekundu. Mulika jani bichi zima kwa taa ile ile: wekundu huo huuoni, au ni hafifu mno, kwa sababu ndani ya kloroplasti nishati inashikwa na kutumiwa.

Hapo ndipo tofauti niliyoanza nayo inapokaa mwilini. Wanasayansi walilithibitisha kwa njia yao. Robert Hill, Mwingereza, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kloroplasti zilizotolewa nje ya seli bado zinaweza kutoa oksijeni zikipata mwanga na kitu cha kupokea elektroni. Mwaka 1954 Daniel Arnon na wenzake wakaonyesha kwamba kloroplasti peke yake, nje ya seli, inaweza kukamilisha usanisinuru wote hadi kuishika kabonidayoksaidi. Klorofili kwenye spiriti haijawahi kufanya hivyo.

Usikimwage kimiminika. Mimina kidogo, kina cha nusu sentimita, kwenye kikombe, usimamishe chaki ndani yake. Rangi itapanda na spiriti. Baada ya muda utaona mkanda wa kijani na mkanda wa manjano umejitenga. Manjano ni karotenoidi, rangi saidizi zinazonasa mwanga ambao klorofili haiupati vizuri na kuikinga isiharibiwe na jua kali. Zilikuwapo kwenye jani muda wote, zimefunikwa na kijani. Mrusi Mikhail Tsvet aligundua njia hii ya kutenganisha rangi mwanzoni mwa karne ya 20, naye alitumia unga wa chokaa uliopakiwa kwenye bomba la kioo. Chaki yako haiko mbali na hapo.

Hatua ya tatu: kukamata wanga

Jaribio hili ndilo linaloharibika zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza uumalize wanga uliomo. Chukua makopo yako mawili ya kunde uyaweke chumba cha giza kwa saa 48, na maji uyape. Usiku mmoja hautoshi kuwa na hakika, siku mbili zinatosha. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiruka sehemu hii, nachuma jani lolote uani na kuwaambia watoto tazameni, mwanga umeleta wanga. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, tunajuaje haukuwamo tangu jana?" Alikuwa na haki kabisa, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza bila giza.

Asubuhi ya siku ya tatu, jua likichomoza, chuma jani moja ulipime kwanza kwa njia nitakayoeleza hapa chini. Lisipogeuka buluu, wanga umekwisha, endelea. Kopo moja libaki gizani. La pili litoe kiwandani au juu ya paa. Kabla ya kulitoa, chagua jani moja kubwa, ukate foili yenye tundu la umbo unalotaka (mwezi, nyota, herufi ya jina la mtoto) uifunge juu na chini ya jani bila kulibana hadi likachubuka. Liache juani hadi alasiri, saa tisa hivi.

Kupima ni hivi. Chuma jani la juani lenye foili na jani moja la gizani. Kata kikonyo cha la gizani ili usiyachanganye baadaye. Vua foili. Tumbukiza yote mawili kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Hapo seli zinakufa, vimeng'enya vinasimama, tando zinapasuka, na spiriti itaweza kupenya. Kisha zima jiko.

Nimesema zima jiko, na namaanisha lisiwe na hata kaa moja jekundu chumbani. Spiriti huchemka kwenye digrii 78 hivi na mvuke wake hutambaa chini ukitafuta moto. Niliwahi kuipasha kwenye kisufuria karibu na jiko la makaa. Mvuke ukashika, moto ukaruka hadi kwenye mkeka. Tuliuzima kwa kifuniko na mkeka mwingine uliolowa, hakuna aliyeungua, lakini sijasahau sura za wale watoto. Tangu hapo natumia chupa ya chai. Mimina maji ya moto kwenye bakuli, weka majani ndani ya chupa ya jemu, yafunike kwa spiriti, kisha uisimamishe chupa ndani ya bakuli la maji moto, kifuniko wazi, dirisha wazi. Maji yakipoa badilisha. Baada ya dakika 10 hadi 15 spiriti itakuwa ya kijani na majani yatakuwa meupe kama karatasi iliyolowa chai ya maziwa.

Majani hayo sasa yamekauka na yanavunjika. Yachovye kwenye maji ya uvuguvugu sekunde chache yalainike, uyatandaze kwenye sahani nyeupe. Zimua iodini kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, uyadondoshee yote. Subiri dakika tatu.

Jani la gizani litabaki hudhurungi, rangi ya iodini tu. Jani la juani litageuka buluu iliyokoza hadi kukaribia nyeusi, lakini pale tu jua lilipopita. Mwezi wako au herufi yako itakuwa imeandikwa kwenye jani kwa wanga. Hakuna kalamu iliyoshikwa, mwanga ndio ulioandika, na kila nukta ya weusi ule ni chembe za wanga zilizoundwa ndani ya kloroplasti tangu asubuhi ile.

Ukishaliweza hili, rudia na jani lenye mabaka meupe, kama bogenvilia ya mabaka inayopandwa kwenye nyua nyingi. Chora ramani ya mabaka kwenye karatasi kabla ya kulichemsha, kwa sababu spiriti itafuta kila alama. Sehemu nyeupe, ambazo seli zake hazina kloroplasti zenye klorofili, hazitageuka buluu hata zikikaa juani kutwa. Jua lilikuwapo, maji yalikuwapo, hewa ilikuwapo.

Na ukitumia jani la mhindi, usishangae buluu ikifuata mishipa kwa mistari. Mahindi, muwa, mtama na mchicha ni mimea ya aina nyingine kidogo: hukusanya kabonidayoksaidi kwenye seli za nje na kuisukuma kwenye kloroplasti za seli zinazouzunguka mshipa, na huko ndiko wanga unakowekwa. Njia hiyo inawafaa wanaoishi kwenye joto. Mchicha mwekundu una somo lake jingine: uchemshe, maji yawe mekundu, na jani litoke kijani. Wekundu uliyeyuka majini. Kijani, kilichofungwa kwenye tando, kilibaki.

Hatua ya nne: vipande vinavyopanda

Hapa unapima oksijeni bila kuiona. Tia bekingi soda kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, mililita 300, ukoroge. Soda hiyo inatoa kabonidayoksaidi majini. Ongeza tone moja tu la sabuni, lisitoe povu. Kwa mrija wa soda, toboa vipande 20 vya duara kwenye jani la spinachi, ukikwepa mishipa minene.

Vipande vinaelea kwa sababu ndani ya jani mna hewa. Itoe. Vua mti (kijiti cha kusukumia) wa bomba la sindano, tia vipande 10, rudisha mti, vuta maji ya soda hadi nusu, sukuma hewa ya juu itoke. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, vuta mti kwa nguvu, ushikilie hadi kuhesabu kumi, achia. Rudia mara mbili tatu. Vipande vitazama. Vikigoma, sabuni ni kidogo mno au jani limechakaa.

Mimina hivyo kumi kwenye glasi moja, na kumi vingine, ukishavizamisha vivyo hivyo, kwenye glasi ya pili yenye maji yale yale ya soda. Moja iweke juani, ya pili ifunike kwa sufuria. Kwa jua la saa nne au tano asubuhi, kipande cha kwanza cha juani hutikisika ndani ya dakika chache, kinasimama kwa ubavu, kisha kinapanda kama aliyesikia anaitwa. Vipovu vidogo vimeshika chini yake. Andika kila dakika ni vingapi vimepanda. Vikishapanda vyote, vihamishe navyo chini ya sufuria, uvitazame baada ya muda: vingi vitazama tena. Seli zinapumua muda wote, usiku na mchana, kwenye mitokondria zake, na gizani zinaitumia oksijeni ile ile.

Ndiyo maana sipendi kuiita kloroplasti "jiko la mmea". Jiko huchoma. Kuchoma ni kazi ya mitokondria. Kloroplasti ndiyo inayoleta kuni.

Hatua ya tano: pwani

Chagua siku ya bamvua, maji yakipwa mchana, na jua limesimama. Kwenye vidimbwi vinavyobaki utaona majani bahari yamefunikwa mapovu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Lakini usikubali haraka. Maji yakipata joto huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, na mapovu hayo hushika kitu chochote. Kwa hiyo weka ganda la chaza au jiwe safi kando ya majani, dimbwi lile lile, ulinganishe baada ya robo saa. Kisha kivulishe kipande cha dimbwi kwa mwili wako au mwavuli. Mapovu mapya ya kwenye majani yatapungua, ya kwenye jiwe hayatajali.

Kulisoma jani shambani

Mwenye bustani atauliza haya yote yanamfaa nini. Yanamfaa kulisoma jani. Umanjano ni kloroplasti zilizokosa kitu, na mahali unapoanzia pana habari. Majani ya zamani, ya chini, yakigeuka manjano yote kwa pamoja, aghalabu ni upungufu wa naitrojeni: mmea unavunja protini za kloroplasti za wazee na kuwapelekea watoto. Majani ya zamani yakiwa manjano katikati ya mishipa na mishipa ikibaki kijani, shuku magnesi, ile chembe ya katikati ya klorofili. Mmea huihamisha pia. Majani machanga ya juu yakiwa na sura hiyo hiyo, shuku chuma, ambacho mmea hauwezi kukihamisha kwa urahisi kutoka majani ya chini. Kwenye udongo wenye chokaa ya matumbawe, kama ulivyo katika visiwa vyetu vingi, chuma huwa kimo ardhini lakini kimefungwa na chokaa, mizizi haikipati. Samadi na mboji iliyooza vizuri husaidia. Kuongeza majivu hapo ni kuzidisha tatizo.

Na asikwambie mtu kwamba mmea unakula udongo. Jan van Helmont alipanda mti kwenye chungu, akaunywesha maji kwa miaka 5, ukaongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ukapungua kama gramu 57 tu. Matokeo yake yalichapishwa 1648. Yeye alidhani uzito wote ulikuwa maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa ilikuwa imetoka hewani, kwenye gesi ambayo leo ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa.

Ukimaliza yote, nenda kwenye mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti ya Lamu, na wengi wetu tumeitazama kama boriti na kuni. Mbegu ndefu ya mkoko inayoning'inia bado juu ya mama yake ni kijani; ina kloroplasti na inafanya kazi kabla haijagusa tope. Kisha sogea kwenye mchu, aina nyingine ya mkoko, mahali ile mizizi yake imesimama topeni kama penseli. Chagua mmoja, uukwaruze ngozi kwa ukucha, kidogo tu. Chini ya gome la kijivu kuna utando mwembamba wa kijani. Mzizi ule, maji yanapokupwa na jua likaupata, nao unanasa mwanga.